Futa historia, lakini ipi? Maelekezo kutoka steshenari

Swali ninaloulizwa sana hapa dukani ni "dada, brauza ipi nzuri?" Na mimi huuliza kwanza: hiyo simu nani mwingine anaishika? Maana anayemwogopa mpwa wake mwenye kuazima simu kila jioni hana shida moja na anayechoshwa na matangazo ya viatu yanayomfuata kila tovuti, na hao wawili hawafanani na yule anayetaka tu bando lake lifike Ijumaa. Kivinjari kitakachomfaa mmoja huenda kisimsaidie mwingine chochote.

Nipo Morogoro, upande wa Msamvu. Msimu wa mikopo ya Bodi wanafunzi wanajaa hadi barazani. Miezi mingine ni Ajira Portal, uhakiki wa vyeti RITA, namba ya TIN. Wengi wakiinuka kitini wanaacha kitu: barua pepe iko wazi, cheti cha kidato cha nne kimebaki kwenye Vipakuliwa, WhatsApp imeunganishwa na kompyuta na meseji za mama mkwe zinaendelea kuingia. Kwa hiyo naanza na kompyuta isiyo yako, kwa sababu hapo ndipo watu wanaumia kweli.

Lakini kabla ya vitufe, jambo moja lieleweke. Tunachokiita historia kinakaa mahali patatu. Pa kwanza ni kwenye kifaa, ndani ya kivinjari: orodha ya kurasa ulizofungua, nywila ulizokubali zihifadhiwe, na vidakuzi, yale mafaili madogo ambayo tovuti huyaacha ili ikutambue ukirudi. Chrome, kivinjari cha Google, hutunza orodha ya kurasa kwa siku 90, kisha huitupa yenyewe. Pa pili ni kwenye akaunti yako, kwa wengi wetu ile ya Google, na hiyo inakaa kwenye seva zao, yaani kompyuta zao kubwa, hata simu yako ikianguka kisimani. Pa tatu ni nje kabisa: tovuti zenyewe ulizoingia, na kampuni ya simu inayokuuzia bando. Tovuti nyingi siku hizi zinatumia https, mtindo wa kufunga mawasiliano yasisomwe njiani, hivyo kampuni ya simu huweza kujua umeingia tovuti gani, lakini haioni umesoma ukurasa upi wala umeandika nini. Kila kitufe cha kufuta kinagusa mahali pamoja, mara chache pawili. Pa tatu hupafikii kwa kitufe chochote cha kwenye simu yako.

Sasa kompyuta ya steshenari, ya ofisini au ya rafiki. Usifungue Chrome ukaanza tu kuandika. Kule juu kulia kuna kiduara chenye picha au herufi. Kibonyeze, kisha chagua Mgeni. Linafunguka dirisha tupu, halioni nywila wala alamisho (kurasa alizojiwekea) za mwenye kompyuta, na ukilifunga linasahau ulichofanya. Naipenda hii kuliko hali fiche (incognito, ile ya kuvinjari bila kuacha historia kwenye kifaa) kwa sababu hali fiche bado inatumia wasifu wa mwenye mashine. Inaweza hata kukuletea nywila zake zilizohifadhiwa. Tena vichupo vyote vya hali fiche vinashirikiana: ukifunga kimoja ukaacha kingine wazi, anayekaa baada yako akifungua Gmail anaikuta yako. Funga dirisha lote, na kama yapo mawili funga yote mawili.

Ukiingia kwenye barua pepe bila Mgeni, kivinjari huenda kikakuuliza kama kihifadhi nywila. Kataa. Kikikuuliza kama usawazishe, yaani uvilete kutoka kwenye akaunti yako, historia na alamisho kwenye kompyuta hiyo, kataa tena, hata kama mhudumu aliye pembeni anakwambia "we kubali tu, inasumbua". Ulichopakua hakifutiki chenyewe, si kwa Mgeni wala kwa hali fiche: kinabaki kwenye folda ya Vipakuliwa. Nenda mwenyewe ukakifute, halafu umwage pipa la taka la kompyuta. Na zile skani ambazo mhudumu amezihifadhi kwake, mwambie azifute huku ukiona. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kumwomba mtu afute nakala ya cheti chako si kumtukana. Mimi nikiombwa nafuta.

Umeshafika nyumbani ndipo unakumbuka hukutoka kwenye akaunti? Usipande bodaboda. Kwenye simu yako fungua akaunti ya Google, nenda Usalama, kisha Vifaa vyako. Utaiona ile kompyuta, itoe. Kwa WhatsApp ni Vifaa vilivyounganishwa. Kisha badilisha nywila, kama ulikubali ihifadhiwe kule.

Tukija kwenye simu yako mwenyewe. Nataja vitufe kama vilivyo kwenye Chrome ya Kiswahili. Maneno hupishana kidogo kwa matoleo. Bonyeza vidoti vitatu, Historia, halafu Futa data ya kuvinjari. Watu wengi wanabonyeza Futa papo hapo na kuondoka wakiwa na amani, kumbe muda uliochaguliwa juu ni dakika 15 au saa moja iliyopita. Angalia hapo kwanza, uchague wiki nne au Wakati wote. Chini yake kuna vya kuweka tiki, na hapa tulia. Historia ya kuvinjari ni ile orodha. Vidakuzi na data ya tovuti ukivifuta utatolewa kwenye tovuti nyingi ulizoingia, kwa hiyo kama huikumbuki nywila ya Ajira Portal, usiviguse leo. Picha na faili zilizohifadhiwa (si picha zako, ni za tovuti ambazo kivinjari kilizitunza) unaweza kufuta, ila kurasa zitapakuliwa upya na bando litaliwa kidogo. Nywila, kama zimo, usiweke tiki kabisa. Na ukiwa unaiuza simu, usihangaike na kivinjari, irejeshe simu nzima ilivyotoka kiwandani. Kumbuka pia kwamba kama umesawazisha Chrome, ukifuta historia kwenye simu inafutika na kwenye kompyuta yako.

Kama simu mnaichangia na mwenza au ndugu, nashauri usifute yote. Orodha tupu kabisa nayo inaleta maswali. Dada anayesoma kuhusu uzazi wa mpango, au kijana anayetafuta kituo cha kupima VVU, afungue Historia afute ukurasa ule mmoja tu. Kisha aende kwenye sehemu ya anwani, aandike herufi za mwanzo za alichotafuta; pendekezo likitokea, alibonyeze kwa muda mrefu aliondoe. Hapo ndipo siri nyingi hufichuka, mtu akiandika "uz" kutafuta nguo za uzazi. Mara nyingine afadhali atumie kichupo fiche tangu mwanzo, kwa sababu kwa kazi hiyo kinatosha: kumficha mtu anayeishika simu ileile.

Kwa kazi nyingine hakitoshi. Hali fiche haimfichi mtu kwa tovuti anazoingia wala kwa kampuni ya simu. Marekani watu waliishtaki Google mwaka 2020 wakisema ilikuwa ikikusanya taarifa zao hata wakiwa kwenye hali fiche, na katika makubaliano ya Aprili 2024 Google ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi na kueleza wazi zaidi hali hiyo inafanya nini.

Mwalimu mmoja mstaafu alinijia analalamika: "Binti, nimefuta kila kitu, mbona YouTube bado inaniletea mieleka?" Nikamwambia mzee wangu, umefuta ya simu, ya akaunti ipo. Dawa yake: akaunti ya Google, Data na faragha, kisha Shughuli kwenye Wavuti na Programu. Unaweza kuizima, au kuweka ijifute yenyewe kila baada ya miezi 3, 18 au 36. Weka mitatu. Historia ya YouTube ina sehemu yake hapo hapo, nayo ifanyie hivyo hivyo. Mieleka ilipungua; mahubiri yalibaki, maana hayo anayatazama kweli.

Haya, kivinjari. Kama simu ina nafasi ndogo na Chrome imekuja nayo, baki na Chrome, ila ingia Mipangilio, Faragha na usalama, uzuie vidakuzi vya washirika wengine, yaani vinavyowekwa na wengine wasio tovuti uliyoifungua. Hivyo ndivyo vinavyokufuata na tangazo la kiatu. Google ilikuwa imeahidi kuviondoa yenyewe, ikarudi nyuma mwaka 2024. Safari, kivinjari cha iPhone, inavizuia tangu 2020 bila kuombwa, kwa hiyo mwenye iPhone sina la kumwongezea. Mimi natumia Firefox, kwa sababu moja kubwa: hata kwenye Android inakubali uBlock Origin, kiongezo (programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari) cha kuzuia matangazo, na matangazo yakipungua hata MB zinapungua. Asiyetaka kuhangaika na viongezo achukue Brave, inazuia tangu ukiifungua. Firefox Focus nawapa wenye simu ya familia: haitunzi historia, ina kipipa cha taka, ukikigusa kila kitu kimeondoka.

Opera Mini inapendwa sana na wenye bando dogo, na kweli inabana. Lakini fahamu inabanaje: ukiwa kwenye akiba kali, yaani hali yake ya kubana data zaidi, ukurasa unafunguliwa kwanza kwenye seva za Opera, unapunguzwa, ndipo unaletewa. Kwa habari za michezo sina neno. Kwa benki au fomu yenye namba ya NIDA, fungua kivinjari kingine. Chochote utakachochagua, kitoe Play Store au App Store. Kivinjari kilichotumwa kama faili kwenye kundi la WhatsApp usikisakinishe hata kama kimeandikwa "haili bando".

La mwisho, "virusi". Mtu analeta simu inamwambia kila dakika kumi kwamba imeambukizwa, na picha nyekundu juu. Mara nyingi hakuna kirusi hapo. Siku moja aliingia tovuti ya kupakua filamu, ikamuuliza kama airuhusu kutuma arifa, akabonyeza Ruhusu ili filamu ianze. Nenda Chrome, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, nyingine zina majina yasiyosomeka. Zuia moja moja usizozijua, kisha zima swichi ya juu ili zisikuulize tena. Arifa zikiendelea baada ya hapo, basi zinatoka kwenye programu, si kwenye kivinjari: subiri itokee, ibonyeze kwa muda mrefu, simu itakuonyesha jina la programu inayoituma. Hiyo iondoe.