Kikao kimoja, grafu moja: ninavyowapelekea madiwani takwimu za udumavu

Mara ya kwanza kusimama mbele ya Baraza la Madiwani nilikuwa na slaidi kumi na nne kuhusu udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Rangi sita, ramani mbili, duara lililokatwa vipande tisa. Nilipomaliza, diwani mmoja mzee akanyoosha mkono: "Mtaalamu, michoro imependeza. Sasa unataka tupitishe nini?"

Siku hizi naanza na swali lake. Kabla sijagusa kompyuta, naandika kwenye karatasi uamuzi ulioko mezani, kwa mfano: halmashauri itoe ile shilingi 1,000 ya lishe iliyoahidiwa kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani, na itoe yote? Mchoro usiosaidia kujibu hilo hauingii ukumbini, hata kama ulinikesha.

Kisha kichwa cha mchoro. "Kielelezo Na. 3: Hali ya udumavu kimkoa" hakimwambii mtu kitu. Andika matokeo yenyewe: "Iringa, watoto 57 kati ya 100 wamedumaa, wastani wa nchi ni 30." Namba hizo ni za utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa 2022. Ile 56.9 kamili naiweka kwa maandishi madogo chini. "57 kati ya 100" diwani ataisema mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji bila karatasi.

Mihimili ya grafu, zile nguzo zinazoonyesha namba kwa urefu wake, ilaze, ili majina ya mikoa yasomeke bila kupinda shingo. Panga kuanzia mkubwa (Iringa, Njombe, Rukwa, na kuendelea), usipange kwa alfabeti. Namba iandikwe kwenye ncha ya mhimili, mistari ya nyuma uifute. Na rangi: mkoa unaouzungumzia uwe mweusi, mingine yote kijivu hafifu. Makabrasha yanapigwa fotokopi, na kwenye fotokopi nyekundu na kijani hutoka sawasawa. Mimi hupiga fotokopi ya fotokopi, nikiona bado inasomeka ndipo naipeleka.

Kipimo cha grafu kianze sifuri, hapa sina mjadala. Ukianzia 25, Iringa itaonekana ndefu mara sita kuliko wastani wa nchi, wakati kwa kweli haifiki mara mbili. Akitokea mmoja akagundua, hata namba zako za kweli hawatazisikiliza tena.

Ramani ninaiogopa. Tabora inavuta jicho kwa ukubwa wa eneo, na Dar es Salaam, yenye watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022, inabaki kama tone. Tena utafiti ule ulipima hadi ngazi ya mkoa. Kuchukua namba ya mkoa na kupaka nayo kata ni kudanganya. Mheshimiwa akiuliza "kata yangu je?", mjibu wazi kwamba haikupimwa peke yake. Takwimu za kliniki unaweza kumpa, ila mwambie zinahesabu waliokuja kliniki tu.

Fedha nazo zigawe kwa kichwa. Halmashauri yenye watoto 30,000 inatakiwa kutenga milioni 30, na ukitaja milioni kila mtu anaona ni nyingi. Chora mihimili miwili: shilingi 1,000 iliyoahidiwa kwa mtoto, na iliyomfikia. Tuseme ni 400. Ukumbi utanyamaza wenyewe.

Mwisho, mwonyeshe mtu asiye wa fani kwa sekunde kumi, mnyang'anye karatasi, muulize ameona nini. Dereva wetu alisema: "Iringa? Si ndiko mahindi yanakotoka?" Nikajua madiwani nao watakwama hapohapo, nikaongeza mstari mmoja chini ya grafu: "Mtoto anaweza kushiba ugali kila siku na bado akadumaa, akikosa maharage, mboga, mayai na maziwa, au akiugua kuhara mara kwa mara."