Udaktari au njia nyingine? Pima hivi kabla hujaomba chuo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Mzazi ananieleza kuwa mwanawe kafaulu vizuri PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na sasa anataka udaktari, nimshauri chuo gani. Kabla ya chuo, mimi huuliza kama kijana mwenyewe amewahi kukaa wodini kwa muda unaozidi ule wa kumpelekea mgonjwa uji.

Mimi ni daktari wa hospitali ya wilaya, na kazi hii naipenda sana. Ndiyo maana sitaki mtu aingie huku macho yote yapo kwa daktari bingwa mwenye kliniki yake mjini. Mdogo wangu, itazame miaka kumi ya mwanzo. Hiyo ndiyo ya kuamulia.

Anza na hesabu, na uifanye pamoja na wazazi. Ukimaliza kidato cha sita ukiwa na miaka 19 au 20, shahada ya udaktari ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini chini ya usimamizi, ndipo uombe usajili kamili Baraza la Madaktari Tanganyika. Umri umeshafika 25 au 26. Mwenzako aliyesoma shahada ya miaka 3 huenda ana muda mrefu mtaani akijitafutia. Ukitaka ubingwa, ongeza miaka 3 au zaidi.

Na kazi haikusubiri mlangoni. Ajira za serikali unaziomba na kushindania kama watu wa fani nyingine, na wapo madaktari wenye leseni mkononi wanaojitolea hospitalini kwa posho ndogo. Ukipata ajira na ulisomeshwa kwa mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Kama una wadogo wanaosubiri uwalipie ada, liseme hilo waziwazi nyumbani. Ni sababu halali kabisa ya kuchagua njia fupi.

Sasa kazi yenyewe. Saa tisa usiku, wodi ya wazazi. Mama amejifungua salama, mtoto analia vizuri, halafu damu haikati. Mfuko wa uzazi umelegea. Mkono wako mmoja unausugua kupitia tumboni, muuguzi anatafuta mshipa wa pili wa dripu, mtu wa maabara anapiga simu kuulizia damu ya kundi lake, na mume yuko nje ya mlango anataka kujua kulikoni. Unatoka unamweleza kwa sauti iliyotulia, unarudi ndani. Asubuhi, kabla hujalala, unasimama kwenye kikao cha ripoti na kueleza ulichofanya, dakika kwa dakika, mbele ya wakubwa zako. Kuna wanaotoka hapo wamechoka lakini wako hai kuliko jana. Wengine wanatoka wakiwa wameumia, na wanaumia hivyo kila zamu kwa miaka. Marksi za Baiolojia hazikuambii wewe ni yupi kati yao.

Kwa hiyo nenda ukaone. Wakati wa likizo, chukua barua ya shule au ya serikali ya mtaa, mpelekee mganga mfawidhi wa kituo kilicho karibu, omba kukaa na kutazama. Chagua Jumatatu asubuhi, OPD (idara ya wagonjwa wa nje) imejaa. Mwangalie daktari anavyomsikiliza mgonjwa wa mwisho kabla ya chakula cha mchana, yule bibi anayeanza kusimulia maumivu yake tangu masika ya mwaka juzi. Ungetaka kukaa kwenye kile kiti?

Ukigundua unapenda wagonjwa lakini miaka hiyo ni mizigo, bado hujaikosa hospitali. Stashahada ya utabibu ni miaka 3, na unaweza kuianza na ufaulu wa sayansi wa kidato cha nne. Zahanati nyingi za vijijini zimeshikwa na matabibu. Malaria, nimonia na kuhara kwa watoto huanzia kwao, na baadaye wapo wanaoendelea hadi shahada ya udaktari. Uuguzi na famasia kwa ngazi ya shahada ni miaka 4 kila moja, nao wana utarajali wao. Wazazi, naomba msiziite hizi kazi za waliofeli. Usiku ule niliousimulia, bila muuguzi mzoefu mama yule hafiki asubuhi.

Mwisho, zungumza na watu watatu: mtarajali, daktari anayetafuta ajira, na bingwa. Waulize wanalipaje kodi ya nyumba, na sikukuu iliyopita waliila wapi. Bingwa atakupa hadithi nzuri zaidi, lakini huyo wa katikati kaa naye muda mrefu, maana ndiye utakayekuwa wewe kabla hujawa bingwa.