SOMO: Kucheza gemu za Windows ndani ya Linux Mint, kwa mashine ya mtumba na bando la kupima

Wakuu, shikamooni mlio wakubwa. Wengine, mambo vipi.

Tangu Windows 10 ikatiwe msaada tarehe 14 Oktoba 2025, vijana wa mtaani kwangu hapa Tanga wananiuliza swali moja tu: "Kaka, nikipiga Linux, gemu zangu zitacheza?" Linux ni mfumo wa kompyuta wa bure unaokaa badala ya Windows, na Mint ni toleo lake mojawapo. Mimi nimeanzia kwenye zile mashine za Kichina za katriji, nikapita PS2 za kibandani za kulipia kwa mechi, ndipo nikafika kwenye kompyuta. Linux nachezea tangu ilipotoka Proton, programu inayofanya gemu za Windows zicheze humo. Na jibu langu halijabadilika: usiniulize kama Linux inaweza. Niambie unacheza gemu gani, na unacheza na nani.

Mashine ninayoitumia ni Dell OptiPlex ya mtumba, i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 16, na kadi ya GTX 1050 Ti ile fupi isiyotaka waya wa ziada wa umeme. Windows 11 haiitaki, kwa sababu yenyewe inaanzia Intel kizazi cha 8 na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Kwa hiyo somo hili ni la watu wa mashine za namna hiyo. Mwenye kompyuta ya milioni nne na asome tu, ila asinicheke.

HATUA YA 1: Andika orodha ya gemu zako kabla hujagusa diski

Chukua karatasi kabisa. Zigawe mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni gemu unazocheza peke yako, au na mtu aliyekaa pembeni yako kwenye kochi. Hizi karibu zote zinakwenda. Dota 2, Counter-Strike 2 na Euro Truck Simulator 2 zina toleo la Linux moja kwa moja. Nyingine, kama GTA V upande wa hadithi, San Andreas na PES 2017, zinapitia Proton. Proton waliitoa Valve, wenye Steam (duka la gemu la mtandaoni), Agosti 2018. Ndani yake kuna Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, na kuna DXVK, ambayo huchukua maagizo ya Direct3D (lugha ya kuchora ya Windows) ikayageuza kuwa ya Vulkan (lugha ya kuchora ambayo Linux inaijua). Gemu inamwita Windows, anayeitika ni Wine. Hakuna kompyuta ya bandia inayoigizwa humo ndani, ndiyo maana kasi haishuki kama watu wanavyodhani. Kwangu mimi PES 2017 haina tofauti ninayoiona kwa macho.

Fungu la pili ni gemu zenye askari mlangoni, yaani programu za kunasa wachakachuaji. Hapa ndipo vilio vilipo. Valorant haiji, kwa sababu askari wake, Vanguard, anataka kukaa ndani kabisa kwenye keneli, yaani kiini cha Windows. League of Legends ilikuwa inacheza, ikawekewa Vanguard hiyohiyo mwaka 2024, ikazimika. Fortnite hapana. GTA Online ilifungwa Septemba 2024 ilipowekewa askari aitwaye BattlEye, na mwezi uliofuata Apex Legends ikawafungia nje watu wote wa Linux. FC 24 na FC 25, zile za mpira za EA, hapana, hata kama nia yako ni kucheza na kompyuta tu, maana askari wa EA anaamka pamoja na gemu yenyewe.

Kinachonikera ni kwamba BattlEye na mwenzake Easy Anti-Cheat zina uwezo wa kufanya kazi na Proton tangu 2021. Kuuwasha uwezo huo ni hiari ya mwenye gemu. Kwa hiyo mtu akikwambia "Linux haijui gemu za mtandaoni", mwulize imekuwaje Apex icheze miaka miwili na zaidi halafu isimame siku moja. Hata hivyo, kukereka kwangu hakukusaidii wewe usiku wa Ijumaa wenzako wakiwa wamekusubiri.

Kila gemu ya orodha yako itafute ProtonDB, tovuti ambako wachezaji huandika gemu inavyokwenda kwenye Linux na kuipa medali. Usitazame medali tu. Soma maoni ya miezi ya karibuni, tena ya mtu mwenye kadi inayofanana na yako. Dhahabu ya mwaka 2021 inaweza kuwa bati leo.

Ukiona fungu la pili ndilo linalobeba maisha yako, ishia hapa. Baki na Windows, hatugombani.

HATUA YA 2: Ijue kadi yako ya picha

Bila Vulkan nzuri hakuna Proton nzuri. DXVK tangu toleo la 2 inataka Vulkan 1.3.

Intel ya ndani ya kizazi cha 6 na kuendelea iko sawa, ingawa usiitegemee kwa gemu nzito. Kizazi cha 3 na cha 4, zile HD 4000 na wenzake, Vulkan yao ni nusunusu, na Linux yenyewe itakuandikia onyo kwamba haijakamilika. Kwa gemu za zamani kuna njia nitaitaja kwenye maswali. NVIDIA za GTX 900 na 1000 ziko vizuri, ila fahamu kwamba tawi la draiva 580 ndilo la mwisho kwao. Usihangaike na namba za juu zaidi.

HATUA YA 3: Piga Mint

Hapa sitakaa. Pakua Linux Mint ya Cinnamon, iweke kwenye fleshi kwa Rufus au Ventoy, washa mashine kwa fleshi, fuata maelekezo. Nakala ya picha na nyaraka zako iwe kwenye diski nyingine KABLA ya kuanza.

Jambo moja tu. Watu wengi wana diski ya D iliyojaa gemu kutoka Windows na wanataka Steam ya Linux izisome papo hapo. Diski hiyo imepangwa kwa NTFS, mtindo wa Windows. Utaona gemu zinaonekana, unabonyeza Play, kitufe kinageuka kuwa Stop sekunde mbili, kisha kinarudi Play. Hakuna ujumbe wowote. Utakesha. Proton hutengeneza faili zenye majina kama "c:" na viungo vya njia za mkato ambavyo NTFS haielewani navyo. Nakili gemu zihamie kwenye sehemu ya ext4, mtindo wa Linux, tatizo linaisha.

HATUA YA 4: Draiva

Wenye AMD na Intel draiva imo tayari. Wenye NVIDIA fungua Driver Manager, chagua iliyoandikwa recommended, subiri.

Kama Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka) imewashwa, Mint itakuomba utunge neno la siri. Ukiwasha upya itatokea skrini ya bluu. Wengi wanashtuka, wanabonyeza Enter kwenye "Continue boot", na draiva haiamki ng'o. Chagua "Enroll MOK", andika lile neno, endelea.

Kisha fungua terminal:

sudo apt install vulkan-tools gamemode mangohud
vulkaninfo --summary

Tafuta mstari wa deviceName. Ukiona jina la kadi yako, umepita. Ukiona peke yake "llvmpipe", maana yake prosesa ndiyo inayochora kila kitu na kadi imelala. Usiendelee mpaka hapo pawe sawa.

HATUA YA 5: Steam, na namna ya kulinda bando

Kwenye Software Manager utaona Steam za aina mbili. Chagua ya mfumo, si Flatpak (iliyofungiwa ndani ya boksi lake). Ya Flatpak inafanya kazi, lakini diski zako nyingine haizioni mpaka uipe ruhusa.

Ukishaingia, nenda Settings, Compatibility, uhakikishe Proton imewashwa kwa gemu zote. Halafu nenda Downloads ufanye haya:

- Zima "shader pre-caching", yaani kupakua mapema data za michoro. Hiki ndicho kinachokula bando la watu kimyakimya. Ukikizima, gemu itashtukashtuka kidogo mara ya kwanza unapoingia sehemu mpya, basi.
- Panga muda wa masasisho uangukie saa za bando la usiku.
- Washa uhamishaji wa faili kwa mtandao wa ndani. Rafiki yako mwenye gemu hiyohiyo akija na laptopu yake, Steam itaivuta kutoka kwake kupitia ruta, bila kugusa intaneti. Tumehamisha GTA V nzima sebuleni hivi.

Kwa gemu inayokatakata, bonyeza kulia, Properties, na kwenye Launch Options andika:

gamemoderun mangohud %command%

GameMode inaipa gemu kipaumbele cha mashine, na MangoHud itakuonyesha fremu kwenye kona. Ukichoka kuzitazama (na utachoka), lifute hilo neno la kati.

HATUA YA 6: Gemu uliyonunua nje ya Steam

Ya maduka ya Epic au GOG, weka Heroic, programu ya kuendeshea gemu zao. Ya DVD au ya faili la setup, hapa watu huanguka. Unaongeza setup.exe kwenye Steam kama "Non-Steam Game", unalazimisha Proton, inasakinisha vizuri. Halafu unaongeza gemu yenyewe kama kitu kipya, nayo haioni kitu. Sababu ni kwamba kila kilichoongezwa Steam kinajengewa nyumba yake ya Windows. Dawa: usiongeze kipya. Ileile njia ya mkato ya setup, ingia Properties, badilisha Target ielekee kwenye exe ya gemu. Nyumba inabaki moja.

HATUA YA 7: Nakili misimu yako

Hifadhi za gemu ziko ndani ya steamapps/compatdata, kwenye folda yenye namba ya gemu. GTA V ni 271590. Humo fuata pfx, drive_c, users, steamuser, Documents.

Nimeandika hatua hii kwa uchungu. Siku moja PES iligoma kuwaka, nikasoma mahali "futa compatdata", nikafuta. Iliwaka. Misimu sita ya Master League ikaenda nayo, pamoja na timu niliyoitoa daraja la pili. Siku hizi naibadilisha jina folda, siifuti.

MASWALI YA WANACHAMA

fundi_wa_kona: Mkuu, nina OptiPlex yenye Radeon R7 240. vulkaninfo inanipa llvmpipe tu. Kadi imekufa?

Jibu: Haijakufa, mkuu. Kadi hiyo ni ya kizazi cha kwanza cha GCN (muundo wa chipu za AMD), na keneli nyingi huipa draiva ya zamani iitwayo radeon, isiyojua Vulkan. Fungua /etc/default/grub kwa sudo, kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza radeon.si_support=0 amdgpu.si_support=1 ndani ya alama za nukuu. Hifadhi, andika sudo update-grub, washa upya. Tuletee majibu.

fundi_wa_kona: Imekubali! Sasa inasoma RADV, draiva ya Vulkan ya AMD. Ubarikiwe.

binti_pemba: Kaka, laptopu yangu ni i5 ya kizazi cha 3, haina kadi. Nataka San Andreas tu, na The Sims 3. Nijaribu au niache?

Jibu: Jaribu, dada. Kwenye Launch Options weka PROTON_USE_WINED3D=1 %command%. Hiyo inaacha Vulkan na kupita OpenGL, ambayo kadi yako inaijua zaidi. San Andreas sina wasiwasi nayo. The Sims 3 shusha michoro chini, na usiweke nyongeza zote siku ya kwanza.

mzee_wa_pedi: Pedi ya PS4 inasoma bila yale madude ya kupakua?

Jibu: Inasoma. Bonyeza Share na kitufe cha PS kwa pamoja mpaka taa imemeteke harakaharaka, kisha iunganishe kwenye Bluetooth. Ya PS5 pia; draiva yake waliiandika Sony wenyewe, ikaingia kwenye keneli 5.12 mwaka 2021. Zile pedi za bei rahisi za USB utapanga vitufe kwa mkono ndani ya Steam, mara moja tu.

kijana_wa_data: Gemu za kwenye fleshi za mtaani zinaingia? Si Linux haina virusi?

Jibu: Hizo sifundishi. Ila la virusi usijidanganye. Wine kwa kawaida inaionyesha kompyuta yako yote kama diski ya Z, kwa hiyo exe mbaya inaweza kufikia folda zako za nyumbani kama wewe unavyozifikia. Picha za harusi ya dada yako zimo humo.

buda_wa_eastlands: Sasa wadau, niko Nairobi, nina kibanda cha gemu, PC sita. Leseni za Windows zinaniumiza. Nikiweka Mint zote sita nitaokoa pesa, ama?

Jibu: Karibu, jirani. Jumamosi jioni wateja wako wanapanga foleni kucheza nini?

buda_wa_eastlands: FC, bana. Na Fortnite kwa watoto.

Jibu: Basi rudi Hatua ya 1, fungu la pili. Kama ipo PC moja ambayo watu wanakaa nayo kwa GTA ya hadithi na Euro Truck, anza na hiyo. Tano ziache zilivyo.

buda_wa_eastlands: Iko moja hapo kona, ya jamaa mmoja wa lori. Yeye hata hatajua imebadilishwa.

Jibu: Nakili hifadhi zake kwanza.