Kabla ya kupima presha nyumbani

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban mililita 70 za damu kwa pigo moja, na kwa dakika hufikia kama lita 5. Damu hiyo ikiingia kwenye ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, kuta zake hutanuka, na msukumo wa juu kabisa wakati huo ndio namba ya kwanza ya presha, ile ya juu. Moyo unapotulia ili ujae tena, kuta zilizotanuka hujirudi na kuisogeza damu mbele. Msukumo unaobaki kabla ya pigo linalofuata ndio namba ya pili, ile ya chini. Zote mbili hupanda na kushuka kutwa nzima, kwa hiyo kipimo hakiwezi kuaminika kama mwili haukuandaliwa.

Nusu saa kabla ya kupima, acha kahawa, chai, sigara, mirungi na kazi ya jasho. Vitu hivi huupeleka moyo mbio au hubana mishipa midogo, na damu ikipita penye njia nyembamba msukumo huongezeka. Nenda haja ndogo pia. Wengi hulipuuza hili, ilhali kibofu kilichojaa chaweza kupandisha namba ya juu kwa 10 au zaidi.

Tumia kiti chenye egemeo. Kigoda na ukingo wa kitanda havifai, maana misuli ya mgongo hubaki ikifanya kazi. Nyayo zote mbili zikanyage sakafu, miguu isipishane. Kaa hivyo dakika 5 bila kuongea wala kushika simu, na unyamaze hadi mashine imalize.

Mkanda wa mashine, ule unaofungwa mkononi na kujaa hewa, ndio unaodanganya kuliko vyote. Pima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayouzwa na mashine hutosha mkono wa sentimita 22 hadi 32. Mwenye mkono mnene zaidi atafute mkanda mkubwa, kwa sababu mdogo hulazimika kubana kwa nguvu zaidi ndipo ateri ifunge, na mashine huisoma nguvu hiyo kuwa presha. Hivyo ndivyo mtu mzima wa afya anavyoweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Ufunge juu ya ngozi tupu, ukingo wa chini ukiwa sentimita 2 au 3 juu ya kunjo la kiwiko. Mkono wa shati ukikunjwa ukabana, vua shati.

Kisha laza mkono mezani, juu ya mto au kanga zilizokunjwa, mpaka mkanda uwe usawa wa katikati ya kifua. Mkono ukining'inia, uzito wa damu yenyewe huongeza karibu 8 kwa kila sentimita 10 chini ya moyo.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Baada ya hapo tumia ule wenye namba kubwa. Asubuhi kabla ya dawa na kifungua kinywa, na tena jioni, pima mara mbili kwa kupishanisha dakika 1. Fanya hivyo siku 7, ukiandika tarehe, saa, namba zote na mapigo. Siku ya kwanza iache nje ya hesabu, kisha tafuta wastani wa zilizobaki. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85, peleka daftari kwa daktari. Kiwango hicho ni sawa na 140/90 ya kliniki. Mjamzito asingoje wiki iishe: 140/90 inatosha kumpeleka hospitali siku hiyohiyo, kwa hofu ya kifafa cha mimba.

Ukiona 180/120 au zaidi, tulia dakika 5 upime tena. Pakiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, macho kufifia, ulimi mzito au upande mmoja kulegea, nenda hospitali mara moja. Bila dalili hizo, wasiliana na mhudumu wa afya siku hiyo, wala usimeze vidonge mara mbili: presha ikiporomoka ghafla, ubongo na figo hukosa damu.

Mwenye moyo unaopiga bila mpangilio apime mara tatu kila kikao. Mashine husoma mtikisiko wa ateri chini ya mkanda, na mapigo yakipishana nguvu, kipimo kimoja hakitoshi.