Skripti moja ya kusasisha kompyuta zote za mtaa

Hapa Pasua, Moshi, kompyuta za maktaba yetu ya mtaa zinatumia Ubuntu (mfumo endeshi wa bure), na bando tunachangishana. Kila mashine ikijipakulia masasisho yake, bando haliioni katikati ya mwezi. Kwa hiyo anza na mashine moja: isakinishie apt-cacher-ng, programu ya kutunza nakala za masasisho. Itapakua kifurushi mara moja na kuwagawia wenzake kupitia poti 3142. Kwenye hizo nyingine, weka faili ndani ya /etc/apt/apt.conf.d lenye mstari huu, kwa anwani ya mashine yako:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Sasa andika skripti ya bash, yaani faili la amri zinazofuatana. Amri ya kwanza iwe dpkg --configure -a. Hii naisisitiza sana: umeme ukikatika wakati wa kusakinisha, vifurushi hubaki nusunusu na apt (kisakinishi cha Ubuntu) hugoma, amri hiyo humalizia kilichokwama. Ifuate apt-get update, kisha apt-get -y upgrade. Full-upgrade iache, maana inaweza kuondoa programu bila mtu kuona.

Marekebisho madogo, kama vile vm.swappiness=10 (hupunguza kuhamishia data ya RAM kwenye diski) kwa mashine zenye RAM ndogo, yaandike kwenye faili lake ndani ya /etc/sysctl.d. Faili liandikwe upya lote kila mara. Ukiongeza mistari kwa >> (alama ya kuandika mwishoni mwa faili), itajirudia kila skripti inapoendeshwa.

Kuiendesha skripti, cron (kipanga kazi cha saa maalumu) haifai: mashine ikiwa imezimwa saa ile, zamu imepita. Tumia taima ya systemd (msimamizi wa huduma za Ubuntu) yenye Persistent=true; kompyuta ikiwashwa tu, kazi iliyopitwa inafanyika.