Kabla ya Kutia Dawa Katika Bwawa Dogo Lenye Paa

Bwawa la kuogelea lililo chini ya paa lina tabia yake. Jua, ambalo kwenye bwawa la uani huimaliza klorini kwa saa chache, halilifikii, hivyo dawa hudumu majini kwa muda mrefu zaidi. Lakini gesi zinazopanda kutoka majini nazo hazina pa kutokea. Harufu kali inayochoma macho, ambayo wengi huidhania kuwa ni ya klorini iliyozidi, aghalabu ni ya kloramini, yaani klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo wa waogaji ikapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kopo lolote, madirisha yafunguliwe, turubai la kufunikia maji liondolewe kama lipo, na pampu iachwe ikizungusha maji.

Ujazo wa bwawa ujulikane kwa hesabu, si kwa kukisia. Bwawa lenye urefu wa mita 6, upana wa mita 3 na kina cha wastani cha mita 1.2 lina takriban lita 21,600. Kupandisha klorini kwa miligramu 1 kwa lita katika maji hayo kunahitaji gramu 33 hivi za chembechembe za hipokloriti ya kalsiamu (aina ya dawa ya klorini) yenye nguvu ya asilimia 65. Ni kiasi kidogo mno, na ndiyo maana mizani ya jikoni iliyotengwa kwa kazi hiyo pekee inafaa kuliko kikombe.

Vipimo vyenyewe vikaguliwe tarehe ya kwisha muda, wala visihifadhiwe katika chumba cha bwawa, kwa sababu unyevu huviharibu, hasa vile vya karatasi. Maji ya kupima yachotwe kwenye kina cha kiwiko, mbali na tundu linaloingiza maji yaliyochujwa. Tembe ya DPD (kemikali inayoyageuza maji yenye klorini kuwa ya waridi) namba 1 huonyesha klorini huru, yaani ile ambayo bado haijashikana na uchafu, na namba 3 ikiongezwa huonyesha jumla. Tofauti ya hizo mbili ndiyo klorini iliyoshikana, nayo ikizidi miligramu 0.4 kwa lita inataka kushughulikiwa. Jambo moja huwapotosha hata wazoefu: klorini ikiwa nyingi kupita kiasi huweza kuifuta rangi ya DPD, kipimo kikaonekana kama hakuna dawa kabisa. Kabla ya kuongeza, sampuli ichanganywe na maji yasiyo na klorini na kupimwa upya.

Marekebisho huanzia kwenye alikalini, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe, ambayo inafaa iwe kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita, kwa kuwa ikiwa chini pH (kipimo cha uasidi wa maji) huyumba kila dawa inapotiwa. Katika bwawa la mfano wetu, gramu 360 hivi za bikabonati ya soda huipandisha kwa miligramu 10. Kisha hufuata pH, baina ya 7.2 na 7.8: hupandishwa kwa magadi soda (kabonati ya sodiamu) na kushushwa kwa asidi. Klorini iwe ya mwisho, maana kwenye pH ya 7.5 karibu nusu yake ndiyo iliyo katika hali ya kuua vijidudu upesi, na kwenye 8 hubaki takriban robo tu. Anayejaza bwawa kwa maji ya kisima katika mwambao wenye mawe ya matumbawe apime pia ugumu wa maji, kwani chokaa ikiwa nyingi huganda kwenye vigae na mabomba. Vidonge vya klorini vyenye asidi ya sianuriki, ambayo kazi yake ni kuikinga klorini na jua, havina faida chini ya paa.

Glavu na miwani ya kinga viwe tayari kabla ya kazi. Dawa hutiwa ndani ya maji. Maji hayamiminwi juu ya dawa. Asidi isikutane kamwe na klorini, kwa kuwa huzalisha gesi ya sumu, na vidonge visichanganywe na chembechembe hata kwa kutumia kijiko kimoja, kwani mchanganyiko huo huweza kulipuka. Baada ya maji kuzunguka saa kadhaa, vipimo virudiwe, na waogaji wasiruhusiwe kuingia mpaka pH iwe mahali pake na klorini huru iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita.