Jinsi ya kushtukia pale unapouziwa vita ya kwenda kupigana nchi ya watu

Ukiona nchi ambayo mwezi uliopita hakuna aliyekuwa anaitaja, sasa inatajwa kila taarifa ya habari, tena kwa maneno yaleyale kila chaneli, kaa chonjo. Usishee kitu kwanza.

Kitu cha kwanza kabisa, na mimi naona ndo kikubwa kuliko vyote, tafuta nani alisema wa kwanza. Chukua Iraki, kabla Marekani haijaivamia 2003 kwa madai ya silaha za maangamizi. Tarehe 8 Septemba 2002 New York Times ikaandika kwamba Saddam Hussein anatafuta mabomba ya alumini ya kutengenezea mashine za kurutubisha urani, yaani ya bomu la nyuklia, na waliowapa hiyo habari ni maafisa wa serikali ya Marekani ambao hawakutajwa majina. Asubuhi hiyohiyo Makamu wa Rais Dick Cheney yuko kwenye TV anaongelea hayo mabomba na analitaja hilohilo gazeti. Yaani neno limetoka serikalini, limepita gazetini, limerudi serikalini, na wewe uliyekaa nyumbani unahesabu mashahidi wawili kumbe mdomo ni mmoja. Wataalamu wa wizara ya nishati ya hukohuko Marekani walikuwa wanaona hayo mabomba ni ya roketi za kawaida tu, lakini sauti yao ilikuwa ndogo, na gazeti lenyewe lilikuja kukiri Mei 2004 kwamba halikuwa makini na habari zake za Iraki, wakati huo vita ina zaidi ya mwaka. Kwahiyo ukikuta habari moja kwenye vyombo kumi, fungua hata vinne vitano, shuka mpaka pale walipoandika "kwa mujibu wa", na kama wote wanaishia kwa afisa yuleyule asiye na jina basi hiyo hesabu ni moja, sio kumi.

Pili, stori ya kuliza. Hapa naomba nieleweke, watu wanateswa kweli na Kuwait ilivamiwa kweli Agosti 1990, watu wakauawa. Lakini tarehe 10 Oktoba mwaka huo msichana wa miaka 15 aliyeitwa Nayirah alikaa mbele ya wabunge wa Marekani, analia, akasema ameona wanajeshi wa Iraki wanatoa watoto njiti kwenye mashine hospitalini na kuwaacha wafe sakafuni. Rais Bush mkubwa akairudia stori hiyo mara nyingi, maseneta wakaitaja, na Januari 1991 Seneti ikapitisha vita kwa kura 52 kwa 47. Mwaka 1992 ndo ikajulikana yule binti ni mtoto wa balozi wa Kuwait huko Marekani, na ushahidi wake uliandaliwa na kampuni ya kujenga taswira, Hill & Knowlton, iliyokuwa inalipwa kwa kazi hiyo. Stori ya mashine haikuthibitika. Ukisikia ya namna hii sikukatazi kuumia, umia, ila uliza huyu ni nani, kaletwa na nani, na daktari au nesi wa hiyo hospitali kasema nini.

Maneno nayo yaangalie. Vita inaitwa "operesheni", wanajeshi wanaitwa "washauri", na nchi nzima yenye mamilioni ya watu inageuka jina la mtu mmoja, "tunampiga Saddam", utadhani bomu linachagua. Urusi 2022 ilipoingia Ukraine ikasema ni "operesheni maalumu ya kijeshi" na haikuchukua hata wiki mbili ikapitisha sheria ya kufunga watu wanaosema tofauti na jeshi. Mimi huwa naisoma sentensi upya kwa kuweka neno la kawaida, kupiga mabomu, kuua, kuvamia, afu naona kama bado inaingia akilini.

Wachambuzi wa TV pia, hasa majenerali wastaafu, angalia wanakula wapi. Mwaka 2008 ilifichuliwa kwamba wengi waliokuwa wanaongelea Iraki walikuwa wanapewa hoja na Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, na wengine wana maslahi kwenye kampuni zinazouza vifaa vya jeshi, mtazamaji haambiwi.

Na haraka. Shambulio la pili la Vietnam Kaskazini kwa meli za kivita za Marekani, Ghuba ya Tonkin, lilidaiwa kutokea 4 Agosti 1964, tarehe 7 bunge la Marekani likampa Rais Johnson ruhusa ya kutumia jeshi, 416 kwa 0 na Seneti 88 kwa 2, na hilo shambulio halikuwepo. Siku tatu tu! Ukiambiwa hakuna muda wa kuuliza, hapo ndo uliza, na uliza pia baada ya vita itakuwaje, maana Libya 2011 Uingereza na wenzake waliopiga mabomu walisema ni kulinda raia, na kamati ya bunge la Uingereza 2016 ikaandika kwamba tishio lilikuzwa na mpango wa baada ya Gaddafi haukuwepo.

La mwisho, andika. Tarehe, aliyesema, alichosema. Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, alionyesha michoro ya maabara za silaha zinazotembea kwenye malori, Umoja wa Mataifa, tarehe 5 Februari 2003. Mtu aliyetunga stori ya hizo maabara alikiri mwenyewe Februari 2011, na wakati huo watu walishakuwa wanaangalia habari nyingine kabisa, za Libya.